Mstari wa Ishirini

Ofisi ya chama cha msingi, Kitangari. Kompyuta moja.
Kibodi imeng'oka herufi Z,
kimebaki kidoti cha mpira, huitika kikipenda.
Stakabadhi elfu nne mia tatu na kumi na mbili
nimezipiga picha tangu palizi hadi salfa ya mwisho,
na zote zimelala mahali pamoja
kama korosho zilizomwagwa turubaini:
nzima, pasua, zilizooza,
na lile jiwe la kuongezea uzito.

Mzee Mkwinda, aliyeniachia kiti hiki,
alisema karatasi hupangwa kwa mkono
kwa kuwa mkono una aibu.
Sawa. Lakini mnada ni Ijumaa.

Usiku wa Jumanne nikaandika mistari kumi na tisa.
Soma jina la faili. Kata penye kistari.
Shika neno la kwanza. Tafuta folda yenye neno hilohilo.
Ipo? Tia humo.
Haipo? Peleka Mengineyo,
kama ajenda ya mwisho ya mkutano, watu wakishachoka.

Nikabonyeza, nikaenda kunawa
(maji ya ndoo, ya kununua, nusu kikombe),
na mikono haijakauka kazi imekwisha.
Chitanda kwa Chitanda. Nangomwa kwa Nangomwa.
Kila Mtalika na namba ya shamba lake.
Sekunde kumi na moja!
Nilicheka peke yangu mle ofisini
kama mtu aliyeamkia uraka.

Halafu nikafungua Mengineyo.

Thelathini na nane.
Nazombe Somoe, kilo sitini na mbili.
Nazombe Somoe, kilo arobaini.
Nasombe Somoye, kilo mia na tatu.
Nashombe S.
Mkwinda aliandika kwa sikio,
na sikio lake kila msimu lilisikia upya.
Lakini Nazombe je, aliyeandikwa sawasawa?
Nikateremka kwenye orodha ya folda, moja moja,
M, N, Na, nikamkuta.
Nilikuwa nimemfungulia folda mwenyewe, mwaka juzi,
haraka haraka, na kidoti hakikuitika.
*Naombe.*
Ndivyo nilivyomwita. Kana kwamba nimemwamuru
aje aombe.

Na alikuja. Mara tatu, ninakumbuka sasa,
na mara tatu nikamwambia, "Jina halipo, mama,"
bila kuinua macho.
Msimu uliofuata akauza kwa kangomba, bakuli kwa bakuli,
nasi tukasimama kwenye mkutano
tukamwita adui wa ushirika.
Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.

Mashine haikukosa. Iliambiwa neno hilohilo,
ikatafuta neno hilohilo.

Nikarudisha Z, kwa ukucha, nikibonyeza mpaka ikatoka.
Kisha nikaongeza mstari wa ishirini:
Nazombe, au Nasombe, au Nashombe,
Somoe, au Somoye, au herufi S peke yake,
ni mtu mmoja. Usimgawe.

Alhamisi nikamtumia mjukuu wake ujumbe.
Akaja na karatasi zake ndani ya mfuko wa chumvi,
zimekunjwa ndogo ndogo kama hirizi.
Nikamgeuzia kioo. Zimepangika, msimu kwa msimu,
jina lake juu, zima.
Nilitaka, sifichi, asifu kidogo.
Alisoma polepole, kidole kikifuata, akafika chini.
"Na zile kilo kumi na nane za mwaka wa mdudu?
Mkwinda alizipima karatasi zikiwa zimemwishia.
Aliniandikia kiganjani."

Akanionyesha kiganja.
Hakuna kitu, bila shaka. Miaka sita, utomvu, maji ya kuosha vyombo.

Nikatafuta kalamu.